Kwa wadogo zangu mliopunguzwa kazini na sasa mnaanza kuishi kwa kalamu

Wiki hii nimesoma barua zenu za bei, na karibu zote zinamalizikia palepale: "Bei inajadilika, niko tayari kwa lolote." Tayari kwa lolote! Hayo ni maneno ya mtu anayeomba ajira. Nawapenda, ndiyo maana nawasema. Tangu misaada ya Marekani ilipokatwa mwaka 2025 na mashirika yakafunga ofisi hapa Uganda, mmekuja wengi, mkawakuta walioachwa na mabenki na kampuni za simu. Kuandika mnajua. Kinachowashinda ni kuacha kuwa waajiriwa.

1. Bei. Msichukue mshahara wa zamani mkaugawa kwa siku za mwezi. Mwajiri alikuwa akiwawekea asilimia 10 NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, juu ya asilimia 5 yenu, akalipa bima ya matibabu, intaneti, Yaka (umeme wa kulipia kabla) ya ofisi, hata siku mlizolala mnaumwa. Yote hayo sasa yamo ndani ya bei yako, pamoja na siku za kusaka wateja ambazo hakuna wa kukulipa.

2. Mkataba. Hapa mnivumilie. Kazi yangu kubwa ya kwanza baada ya kupunguzwa ilikuwa ripoti ya mwaka ya shirika moja hapa Kampala. Maelekezo yalikuwa aya moja ya WhatsApp. Nikataja bei, wakakubali, nikaanza. Rasimu ya kwanza ikarudi na maoni ya watu watano. Pembeni mwa ukurasa mmoja mtu wa fedha ameandika "punguza takwimu", mtu wa miradi akamjibu chini yake "takwimu ndiyo kazi yetu", na mkuu wao akafunga mjadala: "mwandishi atusawazishie." Nikasawazisha. Wakataka maelezo ya picha yaandikwe upya, nikaandika. Baraza la mawaziri lilikuwa limepitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka ule wa 2022, nao wakataka muhtasari wa Kiswahili. Nikatafsiri bure.

Kila ombi lilikuja kwa upole, "kidogo tu, ssebo," yaani bwana. Nami miaka yote ofisini nilizoea kwamba mkubwa akisema ongeza, unaongeza, na mshahara unaingia tarehe yake. Sasa hapakuwa na tarehe. Nilikuwa nimekubali kulipwa "ripoti ikishapitishwa". Wa kuipitisha ni bodi, na bodi ilikuwa haijaitwa. Muhula ukafunguliwa. Nikamkopa dada yangu ada ya mtoto, nikamwambia fedha zangu zimekwama benki. Alinipa bila kuuliza, na uongo ule unaniuma hadi leo kuliko fedha zenyewe. Shirika halikunidhulumu. Nilipotaka kudai, ushahidi wote niliokuwa nao ni ile aya moja, na chini yake neno langu: "Sawa."

Kwa hiyo: nusu ya malipo kabla ya kuanza. Nusu ya pili tarehe ya kukabidhi, hata kama bodi yao itakaa mwakani. Masahihisho ni raundi mbili, na mtu mmoja kwao akusanye maoni yote na kuyapatanisha kabla hayajakufikia. Lugha ya pili ina ankara yake. Nimeona mikataba mitatu minne yenu yenye lile neno "ikishapitishwa". Lifuteni leo.

3. Kodi. Sajili jina la biashara URSB, ofisi ya usajili wa biashara, chukua TIN, namba ya mlipakodi, kutoka URA, mamlaka ya mapato. Mteja aliyeteuliwa kuwa wakala wa kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla fedha hazijakufikia, atakukata asilimia 6 malipo yakizidi shilingi milioni 1. Msigombane na mhasibu wake, dai tu uthibitisho wa makato, maana yanahesabika kwenye ritani yako ya mwaka, taarifa ya kodi unayopeleka URA. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 haikuhusu mpaka mauzo yafike shilingi milioni 150 kwa mwaka. Kuna mmoja wenu aliiweka kwenye ankara ili aonekane kampuni kubwa. Mhasibu akamwomba namba ya usajili wa VAT, na barua pepe zikaishia hapo. Kutoza kodi usiyosajiliwa kuitoza ni kosa la kisheria, mwanangu, usirudie.

4. Uchapaji. Kazi ikienda Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, nenda nayo. Saini prufu (nakala ya majaribio) ya karatasi, si ya kwenye simu. Bluu ya nembo ya mteja hubadilika ikigusa karatasi, na lawama zitakuja kwako.

5. Mipango ya mawasiliano. Acheni kunakili ya Nairobi. Facebook ilifungwa hapa Januari 2021, na hadhira inayoingia kwa VPN si ya kuahidi kwa mteja. Nimesoma mpango wa kampeni ya chanjo ya Kasese, magharibi mwa nchi, usiotaja redio hata mara moja! Mama wa Kasese anasikiliza redio ya Lhukonzo, lugha ya huko, akiwa shambani. Tafuteni bei za matangazo huko, tafuteni mtafsiri anayezungumza lugha hiyo nyumbani kwake, ndipo muandike mpango.

6. Majira. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha Juni 30, na fungu lisilotumika hurudi hazina. Mei wakuu wa vitengo wanatafuta mtu aliye tayari, mwenye TIN, bei iliyoandikwa na sampuli mbili. Barua zenu nimezirudisha na alama nyekundu. Irekebisheni ile sentensi ya mwisho, mzitume wiki hii.