15 dhidi ya 10: namna nilivyojifunza kubadili jedwali la blackjack

Kwenye blackjack, mchezo wa kasino ambao wewe na mgawaji mnashindana kuikaribia 21 bila kuivuka, nilikuwa na 15 mkononi, mgawaji ana 10, na kichwani mwangu hesabu ya karata zilizokwisha kutoka ilikuwa +8. Nikapunga kiganja juu ya meza kuashiria kwamba nabaki. Mgawaji akavuta 7, akafika 17, akachukua dau langu. Siku hiyo nilikuwa nimeliweka mara sita ya dau langu la kawaida.

Kupoteza kwenyewe hakukuniuma. 15 dhidi ya 10 ni mkono unaopoteza mara nyingi hata ukiucheza inavyotakiwa. Kilichoniuma nilikigundua kesho yake nikirudi Dodoma kwa SGR, tumeshayapita mahandaki ya Kilosa, daftari liko magotini. Kwenye kisanduku cha karata kulikuwa bado na pakiti nne. Ukiigawanya kwa hizo nne, ile +8 yangu ilikuwa +2 tu. Sikutakiwa kubaki na 15, na dau lile lilikuwa limezidi mno nguvu niliyokuwa nayo.

Nayaandika haya kwa sababu ya kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Dodoma, jirani yangu hapa Nkuhungu, aliyekuja kunigongea jioni moja.

"Shikamoo mwalimu. Kuhesabu karata nimeshajua. Nataka unifundishe wapi pa kubadili jedwali."

"Marahaba. Jedwali lenyewe unalijua?"

"Sehemu kubwa naijua."

Nikamwambia arudi akilijua lote. Sikumfukuza kwa ubaya. Mimi nilianza hivyohivyo, na jibu la "sehemu kubwa" ndilo lililonigharimu miezi.

Jedwali ni orodha ya uamuzi ulio bora kwa kila mkono wako dhidi ya karata ya mgawaji inayoonekana: uombe karata, ubaki, uongeze dau mara mbili, au ugawanye jozi iwe mikono miwili. Halitokani na bahati ya mtu. Mwaka 1956 Wamarekani wanne waliokuwa jeshini walilichapisha baada ya kulipigia hesabu kwa mashine ndogo za mezani. Miaka michache baadaye mwanahisabati Edward Thorp akatumia kompyuta kuonyesha kwamba karata zilizokwisha kutoka zinabadilisha thamani ya zile zilizobaki, na kitabu chake cha 1962 ndicho kilichowafanya wenye kasino wakose usingizi. Ukilifuata jedwali bila kosa kwenye meza yenye sheria nzuri, nyumba, yaani kasino, inakuzidi kwa takriban nusu ya asilimia. Makosa matatu manne kwa saa yanaweza kuifuta kazi yote ya kuhesabu.

Jambo la kwanza la kubadilisha halihusiani na kuhesabu. Ni sheria za meza. Mimi nilikariri jedwali la Marekani, ambako mgawaji huchukua karata mbili mwanzoni, na akionyesha 10 au ree huchungulia ya pili kabla hujaongeza pesa. Meza nilizokaa Dar es Salaam hazikuwa hivyo. Mgawaji alichukua karata moja, ya pili akaivuta baada ya sisi sote kumaliza. Tofauti inaonekana ndogo, ila angalia: una 11, yeye ana 10, unaongeza dau mara mbili kama jedwali la Marekani linavyosema, kisha anavuta ree na kupata blackjack, yaani ree na karata ya thamani ya 10 (10 yenyewe au ya picha) kwa karata mbili za mwanzo. Madau yote mawili yamekwenda. Kwenye meza ya namna hiyo, 11 dhidi ya 10 au dhidi ya ree unaomba karata tu, huongezi. Jozi ya 8 dhidi ya 10 au ree nayo huigawanyi. Nilicheza wikiendi nyingi na jedwali lisilo la meza ile, na hakuna aliyeniambia. Kwa hiyo kabla hujakaa, simama pembeni utazame mikono kumi. Tazama pia blackjack yako inalipwa vipi. Ikilipwa 3 kwa 2, sawa. Ikilipwa 6 kwa 5, nyumba imejiongezea zaidi ya asilimia moja na ni heri ukanywe soda. Na kama karata zilizotumika zinarudishwa hapohapo kwenye mashine inayochanga bila kusimama, hakuna cha kuhesabu, ondoka.

Kuhesabu sasa. Nitumiao ni mfumo wa Hi-Lo, na wengi huanza nao. Karata ya 2 hadi 6 ikitoka unaongeza moja. Ya 7, 8 na 9 unaiacha. Ya 10, za picha na ree unapunguza moja. Wazee wa kijiweni kwetu Majengo wanaocheza arobastini wanafanya kazi ngumu kuliko hii: wanakumbuka turufu gani zimekwisha kushuka na ziko ngapi bado mikononi mwa watu. Nimekaa nao sana, na naamini kijana aliyekulia kwenye karata za barazani ana akili tayari ya jambo hili.

Hesabu ikipanda, maana yake karata ndogo zimetoka na kisanduku kimebaki na makumi na ree. Hiyo ni neema kwako. Blackjack zinatoka zaidi na wewe ndiye unayelipwa nyongeza. Mgawaji analazimika kuvuta akiwa na 16 au chini, na makumi yakiwa mengi anavuka 21 mara nyingi zaidi. Wewe hulazimiki kuvuta.

Lakini namba unayoibeba kichwani ni hesabu mbichi. Lazima ipikwe. Unatazama zimebaki pakiti ngapi, unagawanya. +8 pakiti nne zikiwa zimebaki ni +2. +8 ileile pakiti mbili zikiwa zimebaki ni +4. Hii +4 ndiyo hesabu halisi, na uamuzi wote unafuata hiyo. Mfano ni ule mkono wangu wa 15 dhidi ya 10: unabaki ikifika +4 au zaidi. Kwa +2 unaomba karata. Namba moja kichwani, maamuzi mawili yanayopingana, na kinachoamua ni rundo la karata lililoko kwenye trei ya zilizotumika. Jizoeze kulikadiria hilo rundo kwa jicho. Nilinunua pakiti sita, nikawa nazipanga mezani nyumbani kwa urefu tofauti mpaka mke wangu akaanza kunikosoa makadirio kabla yangu.

Mabadiliko ya jedwali kwa hesabu yako mengi, kuna watu wamekariri zaidi ya mia. Achana nayo. Machache ya mwanzo yanabeba sehemu kubwa ya faida, na la kwanza kabisa ni bima.

Mgawaji akiwa na ree, unaulizwa kama unataka bima: unaweka nusu ya dau lako kwamba karata yake ya pili ni 10 au picha, na ikiwa hivyo unalipwa 2 kwa 1. Jedwali linasema usinunue kamwe. Chukua pakiti sita mpya: karata 312, kati yake 96 ni za thamani ya 10. Toa ree ya mgawaji, zinabaki 311. Tisini na sita kwa 311 ni takriban asilimia 31. Malipo ya 2 kwa 1 yanahitaji zaidi ya theluthi, yaani asilimia 33 na ushee, ili yakufae. Kwa hiyo unapoteza. Ila hesabu halisi ikifika +3 makumi yamejaa vya kutosha na theluthi imevukwa, nawe unanunua, hata kama mkononi una takataka ya 14. Watu wengi mezani hununua bima wakiwa na mkono mzuri, eti wanaulinda. Mkono wako hauna uhusiano wowote na karata ya pili ya mgawaji. Natamani kila anayekaa mezani angelijua hili moja tu.

La pili ni 16 dhidi ya 10, mkono unaochukiwa kuliko yote. Ukiomba karata au ukibaki, unapoteza kwa wastani zaidi kidogo ya nusu ya dau lako. Tofauti ya njia hizi mbili ni unywele. Ndiyo maana hesabu ndogo tu inaugeuza: hesabu halisi ikiwa juu ya sifuri, baki, ikiwa chini, omba. Kisha kuna 12: dhidi ya 3 unabaki kuanzia +2, dhidi ya 2 unabaki kuanzia +3. Na 12 dhidi ya 4, ambayo kwa kawaida unabaki, unaomba karata hesabu ikiwa chini ya sifuri. Weka na ile 15 dhidi ya 10 kwa +4. Haya ukiyafanya bila kosa kwa miezi, ndipo uongeze mengine.

Utajua umeanza kuharibikiwa siku utakapobadili jedwali kwa sababu "mgawaji ana moto" au "10 imekataa kutoka". Nimewahi kufanya hivyo, nikajiita nahesabu. Kama huwezi kuitaja namba iliyokufanya ubadili, rudi kwenye jedwali.

Kuhusu pesa nitasema wazi. Kila hesabu halisi inapopanda kwa moja, hali inageukia kwako kwa takriban nusu asilimia. Maana yake kwenye +1 mko sare, na kwenye +2 umemzidi kwa nusu asilimia. Kwa dau la sh. 10,000, hiyo ni sh. 50. Hamsini! Ukipata mikono mia moja ya hali hiyo, wastani wa faida ni sh. 5,000, wakati mawimbi ya kawaida ya mikono mia ni kama sh. 115,000 kwenda juu au kushuka. Kijana alipoziona namba hizi kwenye daftari langu alikaa kimya muda mrefu. Nilimwambia asiingie na ada ya chuo, asiingie na fedha ya kukopa, na kama nia yake ni kupata kodi ya mwezi ujao, afunge pakiti ya karata aende kulima zabibu Hombolo na wajomba zake. Nilisema kwa moyo wote na hakucheka. Ana zaidi ya miaka 18 ambayo sheria yetu ya michezo ya kubahatisha ya 2003 inaitaka, uamuzi ni wake.

Sasa tunafanya mazoezi Jumamosi asubuhi, upepo wa Juni ukipiga mabati. Anahesabu pakiti moja nzima kwa chini ya sekunde thelathini. Ikiisha lazima ifike sifuri, kwa kuwa zinazoongeza ni ishirini na zinazopunguza ni ishirini. Kisha namtolea karata moja kwa siri. Akimaliza kwa +1, aniambie kwamba niliyoificha ni ya 10, ya picha au ree. Baada ya hapo tunawasha redio, tunawaacha watoto wapige kelele, namsemesha habari za daladala za Jamatini anapohesabu, kwa sababu mezani hakuna atakayekunyamazia.

Na atapotea. Mimi bado napotea: mtu ananisalimia, karata tatu zinapita, namba imeruka. Ikikutokea usikisie. Rudisha dau lako la chini, sahau bima, sahau mabadiliko yote, cheza jedwali tupu mpaka karata zichangwe upya, kisha anza tena kwenye sifuri.