Umefika Hispania? Shika anwani kwanza

*Dada, niko Madrid, viza yangu ya masomo ni ya mwaka. Kuna kaka wa nyumbani anasema nikimpa yuro 80 atanipatia miadi ya polisi ya kupigwa alama za vidole. Nimpe?*

Usimpe hata senti. Miadi ya TIE, yaani kile kitambulisho cha mgeni, ni bure, na unaichukua mwenyewe kwenye tovuti ya serikali. Unacholipia ni kadi tu, kwa fomu ya 790-012, na malipo yanapitia benki. Nafasi ni chache kwa sababu vishoka wanazizoa kwa programu za kompyuta, kisha wanakuja kuwauzia ninyi. Polisi wa Hispania wameshakamata mitandao yao mara kadhaa, lakini biashara bado ipo. Na huyo kaka hachukui yuro 80 peke yake: anabaki na namba ya pasipoti yako. Una mwezi mmoja tangu kuingia nchini, basi ingia kwenye tovuti asubuhi na mapema, rudia kila siku, jaribu na ofisi nyingine za mkoa huohuo. Ukikosa, piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe na uitunze.

*Viza yangu ni ya miezi mitano. Nami natakiwa kuomba TIE?*

Hapana. Ukaaji usiozidi siku 180 hauhitaji kadi. Swali hili linakuja kila Septemba. Someni karatasi mliyopewa ubalozini kabla ya kuniandikia.

*Nimepata chumba Valencia kwa bei nzuri, ila mwenye nyumba hataki nijiandikishe manispaa kwa anwani yake. Nichukue?*

Kiache. Kila anayeishi Hispania anatakiwa kisheria kujiandikisha kwenye manispaa anakoishi, na cheti hicho cha *empadronamiento* ndicho utakachoombwa polisi na kwenye kituo cha afya. Wengi wanaokataa wanakwepa kodi, au wamekodisha chumba wenyewe bila idhini ya mwenye mali. Ukikubali, unafuu wa pango unaufidia kwa kukosa karatasi mwaka mzima.

Unachopeleka ni pasipoti na mkataba wa pango, au barua ya idhini ya mwenye nyumba. Kagueni anwani herufi kwa herufi. Kule utaona imeandikwa 3º 2ª: ghorofa ya tatu, mlango wa pili. Ukijaza namba ya jengo tu wakati mkataba unataja mlango, karani anakurudisha, na miadi imekwenda.

Na kwa kuwa tunaongelea nyumba: msitume amana kwa mtu anayedai yuko nje ya nchi na funguo zitakuja kwa posta. Hakuna nyumba hapo. Inaniuma kusikia ada ya muhula iliyochangwa na ukoo mzima imeishia kwa tapeli. Laleni hosteli wiki ya kwanza, mkakione chumba kwa macho.

*Nimesoma Kihispania mwaka mzima, nimefika Barcelona darasani sielewi kitu. Shida nini?*

Mwalimu anafundisha kwa Kikatalani. Lugha ya kila somo huandikwa kwenye mwongozo wa kozi, na ulipaswa kuutazama kabla ya kuchagua. Uliza leo kama kuna kundi la Kihispania, kisha jiandikishe darasa la Kikatalani hapo chuoni. Msikidharau, ndiyo lugha ya wenyeji wenu.

*Nyama halali Madrid?*

Mtaa wa Lavapiés.

*Mikahawa inafunga jiko saa kumi jioni. Tunakula wapi?*

Chakula cha mchana ni kuanzia saa nane, cha usiku saa tatu na kuendelea. Zoeeni, na mkapike.

*Naruhusiwa kufanya kazi?*

Kama uko elimu ya juu, ndiyo, hadi saa 30 kwa wiki, mradi zisigongane na masomo. Dai mkataba wa maandishi na uandikishwe hifadhi ya jamii kabla hujaanza. Bosi akikuambia ufanye majaribio ya wiki mbili bila karatasi, tafuta kazi kwingine.