Malaria na Taifodi kwenye Karatasi Moja

Jumbe zimenijia nyingi kuliko kawaida, kwa sababu ya mvua na mbu wake. Nusu yake ni swali lile lile: “Daktari, nina homa, ninywe dawa gani?” Hizo zote nimeziweka kando. Hujaniambia umri wako, homa ina siku ngapi, una mimba au huna, umepimwa au hujapimwa. Mimi sipigi bao. Waliojieleza vizuri, haya majibu yenu.

Assalaam alaykum daktari. Mume wangu alishikwa na homa na kichwa, tukaenda kliniki ya kibinafsi. Karatasi ikarudi imeandikwa malaria 1+ na Widal 1:160. Akachomwa sindano siku tano na kupewa mfuko wa vidonge. Hii ni mara ya tatu mwaka huu. Mbona taifodi haimwishi? (Mke, Langoni)

Waalaykum salaam, dada yangu. Huenda haimwishi kwa sababu hakuwa nayo.

Kipimo cha Widal kilitoka Paris mwaka 1896. Hakitafuti kijidudu cha taifodi chenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili uliziunda ulipokutana na kijidudu hicho au jamaa zake, na silaha hizo hazitupwi vita vikiisha. Aliyewahi kuugua zamani, aliyechanjwa, aliyepata salmonela ya aina nyingine, hata mwenye malaria peke yake, wote wanaweza kutoa jibu lile lile. Katika mji kama huu wetu wa Lamu, ambapo kisima na choo cha shimo ni majirani, wapime watu wazima walioketi barazani wanakunywa kahawa, wazima kabisa, na usishangae kuwakuta wenye taifodi ya karatasi.

Hiyo 1:160, yaani kiwango cha kingamwili, ikipimwa mara moja tu haithibitishi chochote. Damu ingepimwa tena baada ya siku 10 hadi 14, kiwango kikaonekana kimepanda mara nne, hapo kipimo kingekuwa na la kusema. Sijui nani kati yenu amewahi kuitwa tena maabara kwa ajili hiyo.

Kipimo cha haki ni kuotesha damu, yaani kuiweka maabara ionekane kama kijidudu kitaota, na damu itolewe kabla ya antibayotiki kuingia mwilini. Nacho hakijakamilika: hunasa takriban wagonjwa 6 kati ya 10, na majibu huchukua siku kadhaa. Widal ni ya dakika chache, pesa zinaingia papo hapo, na karatasi yenye magonjwa mawili huuza dawa mara mbili. Watakaokasirika wanajijua.

Usinielewe vibaya, taifodi ipo na inaua. Ndiyo sababu Julai 2025 Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi yake, kuanzia miezi 9. Kama mwanao alipitwa, kaulize zahanati. Lakini sindano za siku tano kwa mtu ambaye ugonjwa wake haujulikani zina gharama hata kama pesa unazo. Vijidudu vingine vilivyomo mwilini mwake vinajifunza kuishi na dawa hiyo. Mwaka 2019 inakadiriwa watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa maambukizi ambayo dawa zilishindwa nayo. Siku mumeo atakapoihitaji sindano ile kwa kweli, huenda isimsaidie.

Hiyo malaria 1+, yaani vimelea wachache walioonekana kwenye damu, huenda ndiyo iliyoleta homa yote. Itibiwe hiyo, dozi imalizwe, na homa ikizidi siku tatu arudi hospitali aombe damu yake ioteshwe.

Nilimaliza dawa ya malaria wiki mbili zilizopita na najisikia vizuri. Nimepima tena kwa kile kipimo cha haraka cha kidole, bado kinaonyesha mistari miwili. Ninywe dozi nyingine? (Kijana wa Mpeketoni)

Usinywe. Na kama huumwi, kilichokupeleka kupima ni nini?

Vipimo vingi vya haraka vinavyotumika kwetu hunasa protini inayotolewa na kimelea, inayoitwa HRP2. Kimelea akifa, protini yake hubaki ikizunguka kwenye damu kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo mstari wa pili unakwambia malaria imepita hapa. Haukwambii kama bado ipo. Homa ikirudi, nenda penye hadubini ili mtu aone kwa macho kama kimelea yumo.

Nimebakisha vidonge vya malaria, vile vya AL, vya mwaka jana. Naweza kuvitumia?

Hapana. Na ikiwa vimebaki, dozi hukuimaliza. Ni dozi sita katika siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, hata kama siku ya pili umeamka unataka kwenda kuvua.

Nimesikia redioni dawa ya ivamektini inazuia malaria, na utafiti umefanywa Kwale. Duka la dawa za mifugo, wanakoiuza, ninalo karibu. Nipime vipi kwa watoto? (Witu)

Ahsante kwa kuuliza kabla ya kununua. Wengine wawili wameniuliza baada ya kununua.

Ulichosikia ni kweli, ila umekisikia nusu. Utafiti unaitwa BOHEMIA, na matokeo ya Kwale yalichapishwa 2025. Watu walipewa ivamektini mara moja kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, wengine wakapewa dawa ya minyoo ili kulinganisha. Kwa watoto wa miaka 5 hadi 15, maambukizi ya malaria yalipungua kwa asilimia 26, juu ya kinga waliyokuwa nayo tayari ya vyandarua. Si haba.

Sasa sikiliza inavyofanya kazi. Ivamektini haikukingi wewe unayeimeza. Mbu akikuuma, anafyonza damu yenye dawa, naye anakufa kabla hajamfikia jirani. Kwa hiyo faida hupatikana mtaa mzima ukimeza kwa wakati mmoja. Ukimeza peke yako nyumbani, umewaua mbu wako watatu na malaria yako iko pale pale. Kwenye utafiti, wajawazito na watoto wa chini ya kilo 15 hawakupewa, na dozi ilipimwa kwa uzito wa kila mtu. Dawa ya mbuzi ina nguvu nyingine na imechanganywa na vitu ambavyo tumbo la mtoto halikuandaliwa kuvipokea. Usinunue, na wale wawili warudishe chupa zao.

Mamangu ana homa na viungo vinamuuma hadi hawezi kushika kikombe. Malaria hamna, wamepima mara mbili. Bibi anasema ni ule ugonjwa wa zamani uliowapindisha watu wa Lamu. Ni kweli? (Mkomani)

Bibi yako ana kumbukumbu nzuri kuliko wengi wetu tuliosomea. Mwaka 2004 chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, iliupiga mji wa Lamu. Wengi walidhaniwa wana malaria mpaka maabara ilipotoa jibu. Watafiti walipopima damu za watu Oktoba mwaka huo, watu 3 kati ya 4 walikuwa wameshaambukizwa. Baadaye virusi vikaingia Mombasa, vikavuka hadi visiwa vya Komoro na Réunion, kisha India. Ulimwengu mzima ukashtuka, na mlipuko ulianzia vichochoroni mwetu.

Jambo la kuudhi ni kwamba ulitukuta wakati wa ukame, mvua haipo. Maji yalipoadimika kila mtu alijaza mapipa, madumu na ndoo, akaacha wazi. Mbu wa chikungunya, ambaye ndiye wa dengi pia, hutaga humo humo, huuma mchana, na chandarua cha usiku hakimhusu. Wazee waliojenga nyumba za mawe walilijua hili: birika la kuhifadhia maji lilikuwa na visamaki vidogo vya kula viluwiluwi. Siku hizi nyumba zina tangi jeusi juu ya paa na pipa la bluu uani, havina mfuniko na havina samaki. Ukitaka kunijibu kwa hasira, kwanza toka uani ukafunike.

Kwa mamako: kunywa maji kwa wingi, kupumzika, na parasetamoli. Usimpe aspirini, ibuprofeni wala daiklofenaki mpaka dengi iondolewe kwenye mashaka, maana dengi huweza kuleta kutokwa na damu na dawa hizo huzidisha. Dengi nayo si mgeni pwani hii. Mlipuko wake wa 1982 ulikuwa Malindi na Kilifi. Akitapika bila kukoma, tumbo likamuuma sana, au fizi zikatoka damu, asingoje asubuhi. Mtafutieni boti usiku huo.

Mwanangu wa miaka mitatu alilazwa, homa kali, amelegea. Niliomba atundikiwe dripu, daktari akakataa, akampa sindano za malaria na damu tu. Mtoto amepona lakini sijaridhika. Je, nilipuuzwa? (Baba, Mokowe)

Bwana, mtafute daktari huyo umpe mkono.

Kwetu dripu ni heshima. Mgonjwa akitoka hospitali bila kutundikiwa chupa, jamaa husema hakutibiwa. Nimeingia nyumba moja nikaona chupa imening'inizwa kwenye msumari wa picha, mtoto amelala chini yake, na shangazi ameshika ile gurudumu ndogo ya mrija anaifungua zaidi “ili amalize upesi apate nguvu”. Hakuna aliyempima mtoto uzito. Hakuna aliyehesabu pumzi zake.

Kwa miaka mingi hata sisi tulifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali, mikono baridi na mzunguko dhaifu wa damu amiminiwe maji ya dripu kwa kasi. Kisha watafiti, Kilifi ikiwa mojawapo ya vituo pamoja na hospitali za Uganda na Tanzania, wakaamua kupima mazoea hayo. Utafiti huo, FEAST, ulichapishwa 2011. Ulikusudia watoto 3,600 lakini ulisimamishwa njiani ukiwa na 3,141, kwa sababu matokeo yalikuwa yanatisha. Ndani ya saa 48, waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa karibu 11 katika kila 100. Wasiomiminiwa, waliopewa maji ya kawaida ya taratibu na matibabu mengine yale yale, walikufa 7. Na zaidi ya nusu ya watoto wale walikuwa na malaria, kama wako.

Nasema haya ni katika matokeo makubwa zaidi ya tiba kuwahi kutoka pwani hii, na bado kuna watu wanaouza dripu majumbani kama maji ya madafu.

Ila usiigeuze ikawa sheria ya kila kitu. Watoto wa kuharisha hawakuwemo kwenye utafiti ule. Mtoto aliyekaushwa na kuhara, macho yamezama, hawezi kunywa, huyo dripu humwokoa. Anayeweza kunywa apewe maji ya chumvi na sukari ya paketi, ORS, na vidonge vya zinki. Hizo hazining'inizwi, ndiyo maana hazina sifa.

Nyumbani presha yangu ni 128, kliniki wananiambia 146 na wanataka kunianzishia dawa. Mashine ya nani mbovu? (Mstaafu, Malindi)

Mzee wangu, huenda zote ni nzima. Ulipopimwa kliniki mkono wako ulikuwa wapi? Utafiti wa 2024 wa chuo cha Johns Hopkins, Marekani, uliangalia hilo tu. Mkono ukiwekwa juu ya paja, namba ya juu ilipanda kwa karibu 4. Ukiachwa unaning'inia, karibu 6 na nusu. Kuna watu wanameza vidonge kwa sababu kiti cha kliniki hakikuwa karibu na meza.

Keti dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, kibofu kitupu, mdomo umefungwa. Nesi anayekuuliza habari za wajukuu huku mashine inajaa anakupandishia presha. Chukua mashine yako uende nayo, mpime zote mbili kwa mkono ule ule. Vipimo vya nyumbani vya wiki nzima viandike, umwonyeshe daktari, mwamue pamoja. Na punguza ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, hata kama hukuniuliza.

Korodani moja imevimba miaka mingi, naona haya kusema. Kuna dawa? (Siyu)

Hayo mabusha ndugu yangu, na wenzako ni wengi kuliko unavyodhani. Lamu ilipewa dawa tatu kwa pamoja za kukomesha matende na mabusha tangu 2018; vidonge hivyo huzuia maambukizi, havipunguzi kilichokwisha kuvimba. Chako ni upasuaji mdogo. Nenda, usiende kuchanjwa chale.

Mwarobaini unatibu malaria?

Mchungu, ndiyo. Kutibu malaria, hapana. Na mwenye mimba asiunywe.