Sheria za ubaguzi wa rangi Marekani: anza na kifungu, kesi maarufu zitafuata

Ndugu uliyeuliza uanzie wapi tasnifu yako kuhusu haki za kiraia Marekani, ukiwa Dar es Salaam na chuo chako hakijalipia kanzidata za sheria, nakujibu kwa niliyoyapitia mwenyewe nilipokuwa nasoma Marekani, kwa sababu kosa nililolifanya naliona likikunyemelea na wewe.

Sura yangu ya pili ilihusu Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965. Niliisoma katika juzuu nene la sheria zenye maelezo ya kesi, nikaandika kurasa nyingi nikieleza jinsi majimbo yenye historia ya kuwazuia Weusi kupiga kura yanavyolazimika kuomba kibali cha serikali ya shirikisho kabla ya kubadili utaratibu wowote wa uchaguzi. Nilipomwomba mkutubi wa maktaba ya sheria anisaidie kuhakiki marejeo, alifungua jalada la nyuma la juzuu lile lile, akachomoa kijitabu chembamba kilichochomekwa kwenye mfuko wake, akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja: Shelby County dhidi ya Holder, 2013. Katika kesi hiyo Mahakama ya Juu ilibatilisha kifungu cha 4(b), yaani kigezo kilichoainisha majimbo yanayobanwa, na kigezo kilipoondoka, sharti la kibali la kifungu cha 5 likabaki limeandikwa tu, karibu bila nguvu yoyote. Nilikuwa nimeeleza kama sheria hai jambo lililokwisha kusimamishwa. Kijitabu kile hutolewa upya kila mara ili kuonyesha mabadiliko, nami sikuwahi kukigusa.

Ndiyo maana nakusihi uanze na kifungu chenyewe, kisha uulize juu ya kila kesi kama bado ina nguvu. Plessy dhidi ya Ferguson ya 1896, iliyohalalisha kuwatenga watu kwa rangi, ingali imechapwa katika juzuu la 163 la maamuzi ya Mahakama ya Juu, ukurasa wa 537, na hakuna aliyeichana baada ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu ya 1954, iliyokataza utengano huo katika shule za umma. Tena ndani ya Plessy, maneno yanayonukuliwa sana kuhusu katiba isiyotazama rangi ni ya Jaji Harlan, aliyepinga peke yake. Usiyaandike kama uamuzi wa mahakama. Muhtasari unaotangulia hukumu nao si kauli ya majaji.

Vya bure vipo vya kutosha. Maktaba ya Kongresi, yaani ya Bunge la Marekani, imeweka mtandaoni majuzuu ya zamani ya maamuzi ya Mahakama ya Juu, na kanzidata ya sheria ya HeinOnline hutoa bila malipo mkusanyo wake wa sheria na kesi za utumwa. Mimi nimefaidika zaidi na hifadhi ya kesi za haki za kiraia ya Chuo Kikuu cha Michigan, kwa kuwa ina hati za madai na makubaliano ambazo vitabu vya kiada havionyeshi. Humo utaona mlalamikaji alidai nini hasa, hata pale shauri lilipoishia nje ya mahakama.

Ukitaka kuunganisha utafiti wako na kwetu, mtazame Thurgood Marshall, wakili aliyeongoza shauri la Brown. Mwaka 1960 alikwenda London kwa mwaliko wa Tom Mboya kuwashauri wajumbe wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House kuhusu katiba ya Kenya, akaandaa rasimu ya haki za msingi, na huko Kenya wachache waliohitaji ulinzi wa katiba walikuwa ni pamoja na walowezi wa Kizungu. Kwa maoni yangu, hapo pana tasnifu nzima. Nyaraka zake nyingi zimehifadhiwa katika Maktaba ya Kongresi.

Wakutubi wa sheria wa maktaba hiyo hupokea maswali kwa njia ya mtandao kutoka nchi yoyote. Hawatakupa ushauri wa kisheria, ila watakuelekeza kitabu na ukurasa, kwa hiyo waandikie ukitaja kifungu, mwaka na swali moja lililo wazi.