Vidonge vya vitamini D viliniponya miguu, moyo ulitaka kingine

Kilichonishtua kwanza ni sijda. Ilikuwa baridi yangu ya pili hapa Glasgow. Kuinama nainama vizuri, lakini kuinuka nikawa nashika ukingo wa kitanda. Mapaja hayana nguvu, nyonga zinauma kwa ndani kama za mtu aliyeshinda akibeba magunia. Nina miaka 34. Mama yangu kule Tanga ana sitini na ushei na anainuka bila kushika kitu.

Siku zile nilikuwa nalea wazee kwenye nyumba ya matunzo, zamu ya usiku. Anayeishi Uskoti anaijua Desemba ya huku: jua linatoka karibu saa tatu kasorobo asubuhi, na saa kumi kasorobo alasiri limeshazama. Mimi natoka kazini saa mbili, bado giza. Nalala. Naamka saa kumi na moja, giza tena. Nilimaliza wiki nzima, kisha nyingine, sijaona jua kwa macho yangu.

Na moyo nao ukabadilika. Simu ya mama inaita, naitazama mpaka inakata. Nalala kwa muda wa saa kumi nzima na naamka nimechoka. Usiku kazini natamani mikate na biskuti tu. Siku mama alipofanikiwa kunipata kwa video alikuwa barazani anaambua mbaazi, jua limempiga begani, ungo mapajani. Akaacha kuambua, akanitazama.

"Mwanangu, mbona umesinyaa hivyo? Huko hakuna jua?"

"Lipo mama, ila halichomi."

"Basi toka nje ukalitafute."

Shoga yangu wa Mombasa, ambaye ana miaka mingi huku kuliko mimi, akanipa jibu jingine: "Hiyo vitamini D tu. Meza vidonge, utachangamka mwenyewe uone." Nikanunua. Kwa kuwa nilitaka kupona upesi, nikawa nameza vitatu, siku nyingine vinne, bila kusoma hata boksi linasema nini.

Naomba nisimame hapa kwanza, kwa sababu wengi wetu tunafanya hivi. Vitamini D si kama vitamini C, ambayo ikizidi unaikojoa. Hii huhifadhiwa kwenye mafuta ya mwili, na ikirundikana kwa miezi hupandisha kalsiamu kwenye damu: kichefuchefu, kiu isiyoisha, kukojoa kila mara, na mwishowe figo kuumia. Kwa mtu mzima, ushauri wa huku Uingereza ni asipitishe maikrogramu 100 kwa siku, yaani yuniti 4,000, ila daktari akimwandikia. Kipimo cha kawaida cha kila siku ni maikrogramu 10 tu, sawa na yuniti 400. Soma boksi. Maikrogramu moja ni yuniti 40, na maboksi mengine yanaandika hesabu moja, mengine nyingine, hapo ndipo watu wanapojichanganya.

Nilipokwenda kupimwa damu, jibu lilikuja nanomoli 17 kwa lita. Huku chini ya 25 huhesabiwa upungufu, na wanapenda uwe na 50 au zaidi. Namba ile sikuielewa uzito wake mpaka niliposoma utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu Wamasai na Wahadzabe wa kwetu Tanzania wanaoishi maisha yao ya asili, wanaoshinda nje. Wastani wao ulikuwa 115. Nilikaa na hizo namba mbili, 17 na 115, nikajionea huruma. Mwili wangu haukuumbwa mbovu. Umehamishwa.

Sababu yake ni hii. Ngozi hutengeneza vitamini D ikipigwa na miale ya urujuanimno ya jua. Weusi wetu ni kinga nzuri kwa jua la Tanga, lakini huku unaizuia miale ambayo tayari ni haba. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua la Uskoti liko chini mno, hata ukisimama nje mchana kutwa ngozi haipati kitu. Ongeza buibui au koti zito, ongeza zamu ya usiku. Nami nilikuwa na kosa jingine: siku za mapumziko nilikuwa nakaa dirishani nikidhani naota jua, kumbe kioo kinazuia ile miale inayotengeneza vitamini. Ndiyo maana ushauri hapa ni kila mtu afikirie kumeza maikrogramu 10 miezi ya baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi, au tunaojisitiri mwili wote, mwaka mzima.

Daktari aliniandikia dozi kubwa, kidonge kimoja kwa wiki kwa wiki sita, kisha kidogo cha kila siku. Nguvu ya kile kidonge siitaji hapa kusudi, maana iliandikwa kwa damu yangu. Akaniambia nimeze pamoja na chakula chenye mafuta, nikawa nameza na samaki wa nazi. Wanaouliza kuhusu halali: vitamini D3 nyingi hutolewa kwenye mafuta ya sufu ya kondoo, hilo halina shida, ila kapsuli laini nyingi ni za jelatini, na huenda ni ya nguruwe. Mwulize mfamasia. Vipo vidonge vikavu na vya kupuliza mdomoni.

Mwezi wa pili wa kumeza vidonge haujaisha, siku moja alfajiri niliinuka kwenye sijda na mkono haukwenda kitandani. Niligundua nimeshasimama. Miguu ilipona, na hilo nalisema kwa yakini yangu yote.

Moyo haukupona. Ilikuwa Februari. Nilikuwa nasukuma toroli la chai kwenye lifti, milango ikafunga, nikaanza kulia bila sababu yoyote, nikalia mpaka ghorofa ya tatu, nikafuta uso, nikaenda kugawa chai. Na nikaendelea kungoja. Nilijiambia vidonge vitafanya kazi, bado muda. Kwa daktari nilikuwa nimesimulia miguu peke yake. Ya moyo niliona aibu, na nilikuwa na kisingizio kizuri: nina upungufu wa vitamini D, imeandikwa kwenye karatasi.

Hapo ndipo ninapotaka kuwashika mkono wenzangu. Miezi miwili ile ya kungoja kidonge kiniondolee huzuni ndiyo ninayoijutia kuliko yote.

Ni kweli kwamba watu wenye sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, mara nyingi hukutwa na vitamini D ya chini. Lakini mtu mwenye sonona hukaa ndani, hali chakula vizuri, hatoki. Huenda huzuni ndiyo iliyoshusha vitamini, si vitamini iliyoleta huzuni. Kujua ukweli inabidi kugawa watu kwa bahati nasibu, hawa wapewe vitamini, hawa kidonge kitupu. Jambo hilo lilifanyika Marekani kwa watu wazima zaidi ya 18,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Walimeza yuniti 2,000 kila siku kwa takriban miaka mitano. Matokeo yalitoka mwaka 2020: waliopata vitamini hawakuepukana na sonona kuliko wenzao, wala hisia zao hazikuwa bora. Tafiti ndogo za watu ambao tayari wana sonona zimekuwa zikipishana, nyingine zinaona nafuu kidogo, nyingine haziioni. Kwa mtu aliyepungukiwa kama mimi, kujazia ni lazima kwa ajili ya mifupa na misuli. Ukichangamka kwa kuwa maumivu yameisha, alhamdulillahi. Ila usikipe kidonge kazi isiyo yake.

Kilichonifumbua macho ni kuelewa kwamba jua huingia mwilini kwa milango miwili. Mmoja ni ngozi, na huo ndio unaoleta vitamini D. Wa pili ni macho: mwanga wa asubuhi huuambia ubongo kumekucha, na saa ya mwili ikapangika, usingizi na uchangamfu pamoja. Kidonge kinaziba pengo la mlango wa kwanza tu. Mimi nilikuwa nimefungiwa yote miwili.

Daktari wa magonjwa ya akili Norman Rosenthal, aliyehamia New York akitokea Johannesburg, aliuona uzito wa kukosa mwanga mwilini mwake baridi ilipoingia. Mwaka 1984 yeye na wenzake wakaieleza rasmi sonona ya majira ya baridi na tiba yake ya mwanga. Alikuwa Mwafrika mwenzetu wa jua, aliyehamia gizani kama sisi, na kujua hivyo kulinifariji sana.

Nilirudi kwa daktari, safari hii nikasema yote. Alinipa karatasi ya maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na nilipofika swali la mwisho, la kutamani usingekuwepo, nikakawia kulijibu. Akaweka kalamu chini, akasubiri. Pale nilijua nimechelewa lakini nimefika. Nikaanza kuonana na mshauri kila wiki. Kazini nikaomba zamu ya mchana. Nikanunua taa ya luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga), naiweka mezani pembeni, si ya kuikodolea, nusu saa kila asubuhi nikinywa chai. Taa hizi hazitoi vitamini D, kwa hiyo kidonge hakiachwi. Na mwenye maradhi ya macho, au aliyewahi kupandwa na hali ya msisimko uliopitiliza, asiiwashe kabla ya kumwuliza daktari, maana inaweza kumgeuzia mambo.

Kipi hasa kilinitoa, siwezi kuvitenganisha. Kufika Aprili nilikuwa nampigia mama mimi.

Kama uchovu wako unafanana na wangu, omba damu ipimwe vitamini D, na papo hapo wapime wingi wa damu, madini ya chuma na tezi ya shingo, kwani hayo nayo huchosha mtu hivihivi. Na daktari akikuuliza habari za moyo, usimjibu "salama" kwa mazoea yetu.

Binti wa dada yangu anakuja Aberdeen mwezi wa tisa kuanza masomo. Huko ni kaskazini zaidi kuliko kwangu. Nimempangia siku ya kupima damu kabla Oktoba haijaisha, na taa yangu nimeshaifuta vumbi, iko kwenye boksi lake, inamngoja.