Mwanao kupewa programu ya simu baada ya saikosisi: jibu la mtu aliyepitia

Shikamoo mama mleta uzi. Umeuliza kama timu inayomtibu mwanao wa miaka 19 huko Uingereza imemchoka, maana baada ya saikosisi yake ya kwanza (akili kupoteza uhalisia, kama kusikia sauti au kuamini unafuatiliwa) wamempa programu ya simu na kumwambia ajifunze kujisimamia. Nakujibu kama mgonjwa, si mtaalamu. Nilianza kusikia sauti mwaka 2017 nikiwa mwanafunzi kaskazini mwa England, na nilikuwa chini ya timu ya aina hiyo kwa miaka mitatu.

Timu hizo ziliundwa ili kumwahi mtu, kwa sababu saikosisi ikikaa muda mrefu bila tiba, kupona kunakuwa kugumu zaidi. Melbourne walifungua huduma ya namna hii mwaka 1992, na kwa England kiwango kilichowekwa 2016 ni tiba kuanza ndani ya wiki mbili tangu mtu apelekwe kwao. Kijana anatakiwa apate mratibu wake (mtu wa timu anayemfuatilia), dawa, vikao na mwanasaikolojia, mazungumzo na familia, na msaada wa kurudi chuoni au kazini. Programu inakuja juu ya hayo. Kama imekuja badala ya hayo, lalamika, tena kwa maandishi.

Sasa ya kwangu. Programu ilikuwa inaniuliza maswali kila usiku saa tatu, na mojawapo lilikuwa: leo umehisi kuna watu wanakufuatilia? Mama, mtu anayeamini simu yake inamsikiliza anaulizwa na simu hiyohiyo kama anahisi anafuatiliwa. Nilijibu "hapana" wiki mbili mfululizo, huku kila usiku naiviringisha simu kwenye kitambaa cha jikoni na kuifungia ndani ya friji. Grafu ikaonyesha niko salama kabisa.

Mratibu wangu aliikuta humo friji siku alipokuja kunitembelea. Hakubishana nami. Alichemsha maji, tukakaa mezani, akaniuliza: wiki mbili kabla hujalazwa, mtu anayeishi nawe angeona nini? Mimi sikumbuki vizuri kipindi kile, kwa hiyo tukampigia dada yangu Tanga. Hakufikiri hata kidogo: "Huyu akianza kuumwa, salamu za asubuhi kwenye kundi la familia zinakatika." Mwenzangu wa chumba akaongeza kwamba niliacha kupika, nikawa nakula mkate mkavu nimesimama dirishani. Mimi nikakumbuka kuwa kwa usiku mzima nilikuwa nalala kwa muda wa saa tatu au nne tu, na sikuwa nahisi uchovu.

Tukayafuta maswali ya mwanzo, tukaweka hayo. Umeisalimia familia leo? Umepika? Umelala kwa muda wa saa ngapi? Na muda tukauhamisha kutoka usiku, ambapo akili yangu huwa mbaya, hadi baada ya chai ya asubuhi. Kuanzia hapo sikudanganya tena, kwa sababu swali la kupika halimtishi mtu.

Watafiti wa University College London walitengeneza programu iitwayo My Journey 3 kwa ajili ya vijana wa timu hizi: dalili zako za mwanzo, mpango wa nini ufanye zikitokea, kumbukumbu ya dawa. Waliijaribu kwa watu 40. Jaribio la ukubwa huo linaonyesha kama kitu kinawezekana kufanyika. Haliwezi kukuambia kama kinazuia ugonjwa kurudi. Kwa hiyo mtu akikuahidi kwamba programu itamlinda mwanao, usimkubalie.

Upande wa dawa, nitasema lililo kweli. Programu inakukumbusha, unabonyeza "nimekunywa", basi. Nilibonyeza siku nyingi bila kunywa, maana dawa yangu ya saikosisi, olanzapine, ilininenepesha hadi suruali zote zikanikataa. Kilichosaidia ni kwamba palikuwa na sehemu ya kuandika maoni, na siku moja niliandika "sitaki kunenepa tena". Sentensi hiyo nilishindwa kuisema mbele ya daktari miezi mitano. Kikao kilichofuata daktari alinionyesha hiyo sentensi, tukazungumza, akanibadilishia dawa.

Na hili liulize kabla ya mengine yote: nani anayasoma majibu yake, na lini? Mimi Ijumaa moja jioni nilijaza kwamba sijalala usiku tatu. Nikakaa nikisubiri simu ya timu. Jumamosi kimya, Jumapili kimya. Ofisi ilikuwa imefungwa na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba wikendi hayasomwi. Kwa akili yangu ya siku zile, kimya kile kilikuwa ushahidi kwamba na wao wamo kwenye njama. Mwanao aambiwe wazi, na namba ziandikwe ndani ya mpango wake: 111 kisha chaguo la 2 kwa dharura ya afya ya akili, 999 kama maisha yako hatarini. Na jina la mtu mmoja wa familia anayeijua orodha yake. Kwangu ni dada.

Ila naomba usimdai akuonyeshe majibu ya kila siku. Najua roho inakuuma, uko mbali. Mama yangu naye alitaka, na wiki ile ile nikaanza kujaza majibu ya kumfurahisha. Tukakubaliana aonyeshwe orodha ya dalili na mpango tu.

Jambo la mwisho, mwambie anaweza kuandika kwa Kiswahili. Timu walinipa neno lao la ugonjwa kurudi, likawa haliniingii. Kwenye orodha yangu imeandikwa "moyo unakwenda mbio kama nimeitwa na sijui nani". Jumanne iliyopita swali hilo nililijibu "ndiyo", nikaghairi zamu ya usiku kazini, nikampigia dada. Alikuwa anakaanga samaki, akaniweka kwenye spika hadi alipomaliza.