Jibu: Kuandika madokezo ukiwa unashiriki

Umeuliza: katika utafiti wa kushiriki, yaani mtafiti anapoishi au kufanya kazi bega kwa bega na watu anaowachunguza, uandike madokezo saa ngapi? Usitoe daftari kubwa mbele yao. Wakiona kalamu inakimbia, wanaanza kupima maneno. Beba kijitabu cha mfukoni, jitenge dakika 2, andika vikumbusho tu: nani, wapi, saa ngapi, na kauli muhimu vilevile ilivyotamkwa.

Siku hiyohiyo, kabla ya kulala na kabla ya kumsimulia mtu yeyote, panua vikumbusho hivyo. Ukitangulia kusimulia, utakachokumbuka ni simulizi yako, si tukio. Tenga muda wa kutosha: saa 1 ya uwandani, yaani kule unakochunguza, huweza kudai saa 1 au zaidi ya kuandika.

Wengi hukosea hapa: "Mwenyekiti alikasirika." Hiyo ni tafsiri yako. Andika ulichoona: "Alifunga faili, akanyamaza, akatazama mlango mpaka mwenzake alipoketi." Hisia na dhana zako ziweke kwenye safu ya pembeni.

Badilisha siku na saa za kwenda, la sivyo utajua habari za asubuhi tu ukadhani ndiyo maisha yote. Mahojiano ya kina yasubiri hadi ujue cha kuuliza. Maneno yakipishana na matendo, usimwone mtu mwongo. Hapo ndipo penye data nono.

Ridhaa ya watu kuchunguzwa nayo haiombwi mara moja ikaisha: wageni wakijiunga, jitambulishe tena. Majina halisi yasiingie daftarini kabisa, tumia alama.